"Baba, sikuambiwa": uzi kuhusu kulea mtoto anayejiweza na anayejali wenzake

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wazazi na walezi, nawasalimu. Kwa muda mrefu nimesoma nyuzi za malezi bila kuchangia, na leo naanzisha wangu kwa sababu ya neno moja alilonijibu mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka 12. Halikuwa neno la utovu wa adabu hata kidogo, lakini lilininyima usingizi kuliko ambavyo tusi lingefanya.

Tulikuwa Rombo, mkoani Kilimanjaro, kwa mama yangu, mwezi wa Desemba, kama ilivyo desturi ya watu wa kwetu. Siku hiyo sisi watu wazima tulikwenda msibani kijiji cha pili, tukamwacha kijana na bibi yake, ambaye alikuwa ameamka na homa lakini akatusisitiza twende, kwa kuwa msiba hausubiri. Tuliporudi jioni tulimkuta mama ameketi nje, amefunikwa blanketi, ana kikombe cha uji mkononi, na pembeni yake mpwa wangu wa kike mwenye miaka 9 anasugua sufuria kwa majivu. Kwa kuuliza huku na huku nikapata habari kamili. Tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana mwanangu alikuwa chumba kimoja na bibi yake anayetetemeka, akimtazama kwa huruma ya kweli, akimuuliza kila baada ya muda kama anaendelea vizuri, kisha akirudi kwenye simu. Hakumpa hata maji ya kunywa. Binamu yake aliporudi kutoka kukata majani ya ng'ombe alitua mzigo, akamgusa bibi shingoni, akawasha moto, akakoroga uji, akamtolea kiti juani, kisha akakimbia kumwita jirani. Nilipomuuliza mwanangu kwa nini hakufanya lolote, alinitazama kwa mshangao akasema, "Baba, sikuambiwa."

Naomba mnielewe vizuri: huyu si mtoto mbaya. Anampenda bibi yake, na usiku ule alilia peke yake chini ya shuka. Muhula uliotangulia alikuwa ameandika insha kuhusu kuwajali wazee na kupata alama za juu. Huruma alikuwa nayo tele, ila haikuwa na mikono, na aliyeifunga mikono hiyo ni mimi na mama yake, kwa nia njema kabisa.

Nieleze jinsi tulivyoifunga. Kwetu Waswahili, na kwa makabila mengi ya hapa nyumbani, mkubwa humtuma mdogo. Mtoto hutumwa chumvi dukani, hutumwa kwa jirani kuazima kinu, na katika kutumwa huko hujifunza njia, bei, salamu, na namna ya kufikisha ujumbe bila kuupindua. Nyumbani kwetu Dar es Salaam mambo yalikuwa yamegeuka bila sisi kugundua. Mtoto ndiye alikuwa anatuma. "Dada, maji ya kuoga! Dada, soksi zangu ziko wapi? Dada, chai ina sukari kidogo!" Dada mwenyewe alikuwa dada wa kazi, binti wa miaka 22, mtu mzima ambaye kijijini kwao angeamkiwa na watoto wa umri ule. Tulikuwa tumemfundisha mwanetu, kila siku, kwa miaka 12, kwamba uhitaji ukitokea ndani ya nyumba kuna mtu mwingine wa kuushughulikia, na kwamba wajibu wake yeye ni kusoma. Siku ile Rombo alikuwa anasubiri dada aje.

Baada ya safari hiyo nilianza kusoma, na nilishangaa kuona kwamba jambo hili limetazamwa kwa makini hapa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Kimarekani waliandika kwa kina maisha ya watoto katika jamii sita za dunia, mojawapo ikiwa Nyansongo kwa Wakisii, nchini Kenya, na nyingine mji mdogo wa Marekani. Watoto wa Nyansongo, ambao walichunga, walilea wadogo zao na kusaidia shambani, walikuwa miongoni mwa wale waliotoa msaada na kubeba majukumu zaidi, ilhali wale wa Marekani walielemea upande wa kuomba msaada na kutaka kutazamwa. Kisha katika miaka ya 1970 Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, kwa Wakipsigis, wakawauliza wazazi wanamwitaje mtoto mwenye akili. Neno lililotajwa ni ng'om, na mtoto aliyestahili kuitwa hivyo ni yule anayeona kazi inayotakiwa kufanywa akaifanya bila kuambiwa. Akili ya darasani ilikuwa jambo jingine, wakiitaja kwa kuongeza neno la shule. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikaenda kukaa barazani.

Sasa niseme tulichofanya, pamoja na tulipokosea.

Kosa la kwanza lilikuwa kuandika ratiba. Mke wangu alichora jedwali zuri la rangi, akalibandika kwenye friji: Jumatatu kufuta meza, Jumanne kupanga viatu, na kadhalika. Lilidumu wiki mbili. Ukiniuliza leo lilikufa kwa nini, nitakwambia kwamba kazi zile zilikuwa za kuigiza. Meza isipofutwa na mtoto, dada ataifuta, na hakuna atakayeona tofauti. Mtoto si mjinga, anajua kazi inayohitajika na kazi aliyotungiwa ili aonekane anafanya kazi.

Ndipo tukampa maji. Mtaani kwetu maji ya bomba huja kwa mgao, mara nyingi usiku, na asiyefungua koki ya tanki kwa wakati hubaki na nyumba kavu hadi mgao ujao. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nikamwonyesha mara tatu: namna ya kusikiliza bomba linapoanza kukoroma hewa, kuacha maji ya kwanza yenye kutu yamwagike, kufungua koki, kupanda ngazi na kutazama kimo kwa tochi, kisha kujaza ndoo mbili za akiba za jikoni. Nikamwambia mbele ya wote kwamba kuanzia leo maji ya nyumba hii yako mikononi mwake, nami sitaamka. Mwezi wa kwanza alifanya kwa bidii hadi akawa anaamka usiku hata siku isiyo ya mgao. Mwezi wa pili, siku moja, alilala fofofo. Mimi nililisikia bomba. Nililala macho yakiwa wazi, mke wangu akanikanyaga mguu mara mbili, nami sikuinuka, na nakiri kwamba ilikuwa kazi ngumu kuliko kuamka. Asubuhi watu sita tuligawana ndoo moja na nusu. Hakuna aliyemgombeza. Mdogo wake wa kike aliuliza tu, "Kaka, leo hatuogi?" Basi. Kesho yake alimwomba dada simu ya zamani yenye kengele, na hadi leo, miaka miwili baadaye, hatujakaukiwa tena kwa uzembe wake.

Katika jambo hilo moja nadhani mna uzi wote. Kazi inayomlea mtoto ni ile ambayo asipoifanya mtu mwingine ataumia kidogo, na yeye atauona uso wa mtu huyo.

Kazi nyingine zilifuata kwa urahisi zaidi, ingawa kila moja ilikuwa na gharama yake, na gharama ni mzazi kuvumilia kazi mbovu. Chukua kufua sare ya shule. Mtu mzima anafua shati jeupe kwa dakika kumi. Mtoto wa miaka 9 au 10 atatumia saa nzima, atamaliza nusu ya sabuni ya mche, atalowesha nguo zake mwenyewe hadi kiunoni, na kola itabaki na ule mstari wa kahawia kana kwamba hajaigusa. Hapo ndipo wengi wetu hunyang'anya beseni tukisema, "Hebu toka hapa, unanichelewesha." Mimi nilisema hivyo mara nyingi mno. Mama yangu hakusema hivyo kwetu. Alikaa kwenye kigoda akichambua maharage, akasema bila kuinua kichwa, "Kola hufikichwa kwa kola," yaani ukunje pande mbili za kola zisuguane zenyewe badala ya kusugua kwa kiganja, na baada ya hapo alikuacha. Shati likibaki na doa, ulilivaa likiwa na doa. Nimelirudia neno lake hilo kwa wanangu, nikaongeza la kwangu: usiifue upya kazi ya mtoto kwa siri usiku, kwa sababu asubuhi atajua, naye ataelewa kwamba jitihada yake ilikuwa mchezo.

Ugali ndio uliotuletea vicheko. Ule wa kwanza ulikuwa na mabonge ya unga mbichi makubwa kama ndimu, nasi tuliula, tukitoa mabonge na kuyapanga pembeni ya sahani kwa heshima zote. Kwa usalama tulikubaliana kwamba mtoto asiye na miaka 10 hageuzi sufuria ya maji yanayochemka wala hakaangi kitu kwenye mafuta, na kwamba jiko la mkaa haliwashwi wala haliingizwi ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Zaidi ya hapo, aharibu tu.

Kuhusu pesa nina maoni ambayo huenda baadhi yenu hamtayapenda. Simlipi mtoto kwa kazi ya nyumba. Mwaka 2008 Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha utafiti wa watoto wa miezi 20, ambao kwa umri huo husaidia watu kwa hiari yao, kama kuokota kalamu iliyoanguka na kumrudishia mwenyewe. Waliopewa zawadi kila waliposaidia walipungukiwa na hamu ya kusaidia zawadi ilipoondolewa, kuliko wale ambao hawakupewa chochote. Sihitaji maabara kuliamini hilo, kwa maana jirani yangu mmoja alianza kumlipa bintiye shilingi 500 kwa kuosha vyombo, na siku aliyougua akaulizwa, "Leo ni shilingi ngapi?" Pesa ya matumizi wanangu wanapata, lakini haina uhusiano na vyombo. Kinachowafundisha pesa ni genge: nampa elfu tano, namwambia tunataka mboga ya watu sita na nyanya za siku mbili, sikwambii ununue fungu gani, urudi na chenji na maelezo. Mara ya kwanza alirudi na nyanya zilizoiva mno, tukazila zote siku hiyo hiyo.

Linabaki suala la kujali, ambalo watu wengi hulitenga na kujiweza, kana kwamba moja ni la mikono na jingine ni la moyo. Kwetu tulianza na dada wa kazi, kwa sababu yeye ndiye mtu wa karibu ambaye mtoto angeweza kumdharau bila kuadhibiwa. Watoto humwamkia. Hakuna mtoto anayemtuma, bali anamwomba, na kile anachoweza kufanya mwenyewe haombi. Anakula nasi mezani, chakula kile kile. Jumapili ni siku yake ya mapumziko, na siku hiyo jikoni ni kwetu sisi wengine, wenye elimu na vyeo vyetu. Nitasema wazi kwamba sijaona mahubiri ya upendo yanayoweza kumfikia mtoto anayemwona mama yake akimfokea dada kwa kuvunja kikombe.

Kuhusu fimbo nitapita haraka, maana nyuzi zake humu hazina mwisho. Wengi hutaja methali ya mchelea mwana kulia kana kwamba ni hati ya kumpiga mtoto. Mimi kwangu kilio nilichokuwa nakichelea ni kile cha mtoto aliyeambiwa azime simu akajaze ndoo.

#2

Mwanzisha uzi, nakushukuru kwa maandishi yako, lakini naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa hapa mjini. Gari la shule huwachukua saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuwarudisha saa kumi na mbili jioni, wakiwa wamechoka hadi wanasinzia na kijiko mkononi, kisha kuna kazi za kufanyia nyumbani, na Jumamosi kuna masomo ya ziada. Unaponiambia mtoto huyo afue sare, unamwibia usingizi ambao tayari hautoshi. Aidha, nchi yetu ina sheria dhidi ya kuwatumikisha watoto, na nimeona nyumba ambazo maneno mazuri kama haya yako hutumiwa kufunika unyonyaji wa mtoto wa ndugu aliyeletwa mjini "kusomeshwa." Mstari uko wapi?

#3 Mwanzisha uzi

Dada yangu, hoja zako zote mbili ni za haki.

Kuhusu sheria, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na tena kwa kazi nyepesi tu. Lakini sheria hiyo hiyo inataja pia wajibu wa mtoto kwa familia yake, sawa na Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990 kuhusu haki na ustawi wa mtoto, ambao katika ibara ya 31 unasema mtoto ana wajibu wa kushirikiana na familia na kuwasaidia wazazi wanapohitaji, kulingana na umri na uwezo wake. Mstari mimi nauona kwa kuuliza maswali mepesi. Je, kazi hiyo inamkosesha shule, usingizi au mchezo? Je, mtoto wa kuzaa na mtoto wa ndugu wanaifanya kwa zamu? Ukiona mmoja anaosha vyombo huku mwingine anaangalia katuni kila siku, hapo hakuna malezi, kuna mtumishi asiyelipwa.

Kuhusu muda, sina jibu zuri, nami sitajifanya ninalo. Siku za shule kwetu kuna mambo matatu tu: kila mtu hutandika kitanda chake, hupeleka sahani yake na kuiosha, na huweka sare yake tayari usiku. Mengine ni ya Jumapili na likizo. Niliondoa masomo ya ziada ya Jumamosi kwa mtoto mmoja, na nafasi yake darasani ilishuka kidogo. Niliona ni bei ninayoweza kuilipa, lakini siwezi kumlazimisha mwenzangu ailipe. Ninachofurahia ni kwamba mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa maana kuna wazazi, na nusura niwe mmoja wao, waliokuwa wakimtoa mtoto nyumbani kabla hajajua hata kufunga kamba za viatu.

#4

Asalaam aleikum. Mimi nachangia kutoka Mombasa. Nina kijana wa miaka 10, akitoka shule anakwenda chuoni, yaani madrasa, na akirudi namtaka anisaidie kusukuma chapati na kuosha vyombo kama dada zake. Tatizo si yeye, kwani yeye anapenda. Tatizo ni mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ambaye tunakaa naye nyumba moja, na ambaye akimwona kijana ameshika mti wa kusukumia humwambia, "Mwanamume na jiko wapi na wapi? Toka uende ukacheze mpira." Dada zake wanabaki wanasukuma huku wamenuna, na mimi siwezi kumjibu mkubwa wangu mbele ya watoto. Mwanzisha uzi, au yeyote mwenye hekima, nifanye nini? Naongeza tu kwamba hapa kwetu wanaosimama kwenye masufuria makubwa ya pilau harusini ni wanaume, na sijasikia mtu akiwaambia wakacheze mpira.

#5 Mwanzisha uzi

Waaleikum salaam, dada yangu wa Mombasa. Mfano wako wa wapishi wa harusini nimeupenda, nasi huku tuna vijana wa chipsi mayai, ambao hakuna mwanamke anayewakaribia kwa ufundi wa kugeuza kikaango.

Nikupe kwanza kitu cha kukutia moyo, halafu ushauri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Carol Ember aliwachunguza wavulana wa Kijaluo huko Oyugis, magharibi mwa Kenya. Katika nyumba ambazo hazikuwa na binti mkubwa wa kutosha, baadhi ya wavulana walipewa kazi zilizohesabiwa kuwa za kike, kama kulea watoto wadogo na kupika. Wavulana hao walionekana kuwa na ugomvi mdogo zaidi kuliko wenzao na hawakuelemea kudai kuhudumiwa kama wenzao walivyofanya, na tofauti hiyo ilionekana hata walipokuwa nje ya kazi yenyewe. Hakuna aliyewaita wakae chini kufundishwa upole. Ukimshika mtoto mchanga anayelia mgongoni siku baada ya siku, unajifunza kusoma sauti ya mtu mwingine.

Sasa ushauri. Usishindane na mavyaa wako, mwingize ndani ya jambo. Mwambie kijana aende kwa bibi yake, si kwako, akamwombe amfundishe pishi lake moja ambalo hakuna mwingine analiweza vizuri, awe ni wali wa nazi au mkate wa kumimina. Mwanamke mtu mzima anayeombwa ufundi wake na mjukuu ni vigumu kumfukuza. Mama yangu alikuwa na msimamo huo huo wa mavyaa wako, hadi mwanangu alipomwomba amfundishe kupika mtori. Sasa bibi mwenyewe ndiye anayempigia simu kumuuliza kama bado anaponda ndizi zikiwa za moto.

#6

Nimekuwa nikisita kuandika. Nimekisoma kisa cha Rombo mara mbili, na mara zote sikujiona kwa mtoto wako, nilijiona kwa yule binti wa miaka 9.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza katika watoto saba, nilikulia kando ya Ziwa Victoria, sehemu ambayo sitaitaja. Nilikuwa yule mtoto ambaye kila mgeni alimsifu. Nilijua kuwasha moto nikiwa na miaka 6, nikiwa na 8 nilikuwa nambeba mdogo wangu mgongoni huku nasonga ugali, na siku za gulio sikwenda shule kwa sababu mama alikuwa sokoni na mtu alitakiwa kubaki. Watu walisema, "Huyu mtoto ana akili ya mtu mzima." Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimechoka. Leo nina miaka 41, nina kazi nzuri, na sijui kukaa. Nikienda kwa watu kama mgeni, mikono yangu hutafuta vyombo vya kuosha. Mume wangu akiniletea chai ninapoumwa, huwa naona haya, kana kwamba nimeiba. Ndugu zangu bado hunipigia simu wakati wa shida tu, kwa kuwa walijifunza tangu utotoni kwamba dada yupo.

Sikatai uliyoyaandika. Mwanao alihitaji kufundishwa. Lakini uzi mzima umemtaja yule binti kama mfano wa kuigwa, na sijaona mahali ulipouliza habari zake. Mtoto anayejali wenzake naye anatakiwa kuwa na mtu wa kumjali, la sivyo umefuga punda mdogo mwenye tabia nzuri.

#7 Mwanzisha uzi

Dada, nimekaa na mchango wako siku tatu kabla ya kujibu.

Ni kweli. Nilimsifu mpwa wangu mbele ya ukoo mzima usiku ule, nikamshika kichwa, nikampa noti ya elfu kumi, na kwa hesabu zangu nilikuwa nimemaliza. Baada ya kukusoma nilimpigia simu dada yangu, mama wa yule binti, nikamuuliza siku ile mtoto alikula nini. Akacheka, akasema anadhani alikula baadaye, usiku, sote tulipokula. Nikamwomba anipe mtoto mwenyewe. Ana miaka 11 sasa. Nilimuuliza kama anakumbuka siku bibi alipougua, akasema anakumbuka. Nikamuuliza kama alikuwa amekula chochote alipotoka kukata majani. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia kwamba unga ulikuwa umebaki wa kikombe kimoja.

Nimezungumza na mama yake na mke wangu. Shule zikifungwa, mwanangu atatangulia Rombo wiki mbili kabla yetu, na majani ya ng'ombe yatakuwa yake, na kuni pia, kila siku, bila binamu yake kumsaidia. Binti atakuja kwetu Dar es Salaam kwa wiki hizo hizo. Mke wangu amekwisha kumwambia dada wa kazi, na wanangu wawili waliobaki wamekwisha kuambiwa, kwamba binti huyo atakapokuwa hapa hatashika ufagio wala beseni. Binti yangu wa miaka 6 aliuliza, sasa atafanya nini? Mama yake akamwambia hatujui, tutamuuliza yeye anataka kufanya nini.

Nilipomweleza mpwa wangu mpango huo kwa simu, swali lake la kwanza lilikuwa ni nani atakayempa ndama maziwa, kwa sababu kaka hajui kumshika.